Marehemu wa Wimbo wa Kumi na Mbili

Mama Zipu alipata habari za kifo chake Jumanne moja saa nne asubuhi, akiwa na sindano mdomoni na begi la mteja mapajani. Redio ya kinyozi wa jirani ndiyo iliyomletea. Kwanza ulipigwa wimbo, na ndani ya wimbo mlikuwa na sauti ya mwanamke aimbaye puani, nyembamba kama ya msichana, imejaa mkwaruzo wa santuri kuukuu. Halafu mtangazaji akamuuliza mgeni wake habari za mwanamke huyo, na mgeni, kwa upole wa mtu aliye msibani, akajibu kwamba bibi yule alikwisha tangulia mbele ya haki miaka mingi iliyopita, Mungu amlaze mahali pema.

Mama Zipu aliitoa sindano mdomoni kwanza, maana kucheka na sindano mdomoni ni kutafuta kifo cha pili. Wimbo ule wa puani aliutunga yeye, na hakuwahi kumfundisha mtu. Na yule mgeni aliyekuwa akimwombea rehema redioni alikuwa mume wake wa ndoa, aliyeamka asubuhi ile akanywa chai aliyoipika marehemu.

Tuwajue kwanza hao mabwana. Walikuwa wawili, na kundi lao liliitwa Mashemeji, jina ambalo halikuwagharimu kufikiri sana kwa kuwa ndivyo walivyokuwa. Mmoja alikuwa mume wa Mama Zipu, mpikaji wa midundo, na mashabiki walimwita Masikio kwa sababu eti hakuna sauti duniani inayoweza kumpita. Wa pili alikuwa mdogo wake Mama Zipu wa tumbo moja. Huyo ndiye aliyechana mistari ya rap, akajiita Radi, ingawa dada yake, aliyemlea tangu akiwa na kamasi, alimjua kuwa ni manyunyu tu.

Kazi ya Masikio ilikuwa kununua santuri za zamani, kuzisikiliza mpaka pale ambapo mtu mwingine angekuwa amelala, kisha kunyofoa sekunde tatu za tarumbeta hapa na sekunde mbili za sauti pale, kuzigawa kwenye mashine yake ya vitufe kumi na sita, na kuzishona upya ziwe mdundo. Mama Zipu hakuidharau kazi hiyo. Yeye mwenyewe alikuwa fundi wa mabegi, na alijua maana ya kutoa kipande kizima kwenye begi lililokufa ukakitia kwenye begi linaloumwa. Tofauti ni kwamba yeye alimwambia mteja kipande kimetoka wapi. Mumewe alikuwa akizibandua lebo za santuri zake kwa maji ya moto, washindani wasijue alikochota, na baada ya mwaka mmoja yeye mwenyewe alikuwa hajui.

Studio ilikuwa stoo iliyo nyuma ya karakana ya mkewe, zikitenganishwa na ubao mwembamba. Sponji zilizofunika kuta zake zilitoka kwenye mabegi mabovu, na aliyezishonea ni mnajua nani. Kutwa Mama Zipu aliita kupitia ule ubao, maana begi kubwa halishoneki bila mtu wa pili wa kulishika: "Baba watoto, unanisikia?" Masikio, ambaye hakuna sauti duniani inayoweza kumpita, alikuwa amevaa hedifoni. Mama Zipu aliishia kulibana begi kwa magoti.

Mashemeji walikuwa na kanuni moja, nayo waliipata kwa jasho. Zamani walinyofoa tarumbeta la mzee mmoja, na mzee akatokea akiwa hai kabisa, akaketi kwenye kochi lao siku nne akiwaeleza kwamba wamemkata katikati ya pumzi, wamrudishie pumzi yake. Tangu siku hiyo wakaapa kutochukua sauti ya aliye hai. Marehemu hana mdomo, hana miguu ya kukujia, na hajui njia ya nyumbani kwako. Kisha, kwa kuwa wasanii hawawezi kuogopa kitu bila kukiita heshima, wakaitangaza hofu yao kuwa ni ibada. Ndipo ikaja albamu yao, *Waliotangulia*, nyimbo kumi na mbili, kila wimbo umejengwa juu ya sauti ya marehemu mmoja, na ndani ya jalada kila marehemu ameandikiwa tanzia yake fupi.

Marehemu kumi na mmoja walipatikana bila taabu. Wa kumi na mbili alipokea simu mwenyewe.

Hapo maji yakawafika shingoni, maana jalada lilikuwa limekwisha chorwa makaburi kumi na mawili. Katika siku hizo za kuhangaika Masikio alisahau maiki ikiwa wazi, nayo ikanasa kupitia ubao sauti ya mkewe akiimbia puani huku akipambana na mshono mgumu wa sanduku la safari. Kila mstari ulipoisha palisikika kimlio kidogo, *tk*, naye alikuwa akikata uzi kwa meno. Masikio alisikiliza mara moja, mara mbili, mara ya thelathini. Alivaa hedifoni, akaipandisha ile sauti mpaka ikawa ya msichana, akaipaka mkwaruzo wa santuri kama mtu anavyopaka vumbi kiti kipya akakiita cha mababu, na kufikia jioni alikuwa na mdundo mzuri kuliko yote aliyowahi kutengeneza. Ile rekodi nzima, kabla ya kisu, aliiweka kwenye kitufe cha kumi na sita. Ndivyo alivyomfanyia kila marehemu, asisahau maiti aliitoa wapi.

Alikusudia kumwambia mkewe siku hiyohiyo. Halafu alikusudia kumwambia kesho yake. Tangu hapo ilikuwa imepita miezi minane kasoro siku chache ya kukusudia.

Basi Jumanne ile jioni, walipoketi watatu mezani, watoto wamekwenda kuoga, Mama Zipu aliwapakulia vizuri, akakaa, akauliza kwa adabu zote alikufa kwa ugonjwa gani.

Radi alipaliwa. Masikio aliangalia sahani yake kana kwamba majibu yameandikwa humo. Mama Zipu akawasaidia: alikuwa amekwisha pata nakala ya albamu kwa kinyozi, amesoma tanzia yake mwenyewe. Mwimbaji asiyejulikana, ilisema. Alifariki dunia akiwa na miaka ishirini na sita, kwa huzuni.

"Mimi nina miaka arobaini na mitatu," alisema. "Angalau mmenipunguzia umri. Na hiyo huzuni, nani aliipima?"

Radi alijitetea kwamba tanzia ilibidi iwe na mvuto. Akaeleza, kwa mikono kama yuko jukwaani, kwamba albamu nzima imesimama juu ya neno moja, kwamba wote ni marehemu, na sasa magazeti yameandika, watu wanalia wakiusikia wimbo wa kumi na mbili. Ikijulikana kwamba aliyewaliza ni dada yake anayetengeneza zipu, watawacheka mpaka mji wa pili.

"Dada, tuelewe," alisema. "Ukijitokeza, albamu inakufa."

"Kwa hiyo lazima afe mmoja, mimi au albamu."

Masikio akaanza kukusanya sahani.

Tuseme ukweli, Mama Zipu aliumia. Utani ni utani, lakini usiku ule aliumia. Alipokuwa darasa la tano, mwalimu wa kwaya alimwambia kwamba sauti yake nzito inakwaruza, kwa hiyo wakija wageni awe anachezesha midomo tu bila kutoa kitu. Alichezesha midomo mbele ya wageni miaka mitatu. Tangu hapo hakuimbia mtu, aliimbia mabegi, na mabegi hayana mdomo wa kusema lolote. Leo watu wasiomjua wanalia kwa sauti ile ile, na sifa zote zinapelekwa kwa msichana wa miaka ishirini na sita asiyekuwepo. Aliyezipeleka ni mtu anayelala upande wa ukuta, kitanda kimoja naye.

Kabla ya kuzima taa Masikio alimwambia jambo moja, akiangalia dari: kwamba alimtia mle kwa sababu hakuwa na sauti nyingine nzuri kama ile.

"Basi ungeniacha hai," alisema Mama Zipu, akampa mgongo.

Wahenga walisema njia ya mwongo ni fupi. Ya Mashemeji ilikuwa fupi kiasi kwamba Alhamisi tu iliingia karakanani mwao, imevaa koti na glavu nyeupe. Alikuwa Mtaalamu, bwana mwenye santuri elfu nne nyumbani kwake, ambaye hazigusi bila glavu na ambaye magazeti humpigia simu kila linapotokea jambo lenye vumbi. Ndiye atakayetoa hotuba Jumamosi kwenye uzinduzi rasmi wa albamu. Alikuja kuiona kwa macho yake santuri ya yule mwanamke.

Masikio alimwona kupitia ufa wa ubao, akajifungia stoo na kuzima taa. Ikabaki kazi ya Mama Zipu kumkaribisha kiti. Mtaalamu hakuwa na haraka, alisema atasubiri, na kwa kuwa begi lake la santuri lilikuwa limekatika mkanda, si vibaya mama akamtazamia wakati huu. Mama Zipu akalichukua begi. Mtaalamu akavaa hedifoni zake, akafumba macho, na baada ya muda akazitoa, maana mtu wa namna hiyo hawezi kufurahi peke yake. Alimweleza Mama Zipu kwamba hiyo sauti ni ya mwanamke aliyezika mtoto, au walau mchumba, mambo hayo hayafichiki. Alimweleza zaidi kuhusu kile kimlio, *tk*. Kumbe ilikuwa namna ya zamani ya kuvuta pumzi kwa ulimi, iliyopotea kabisa, waimbaji wa leo hawaiwezi hata uwafunge kamba.

Mama Zipu alisema maskini, kumbe. Akaanza kushona. Ngozi ya mkanda ilikuwa ngumu, sindano ikawa inakataa, na kama desturi yake mshono ukikataa, akaanza kuimbia puani, wimbo wake uleule, taratibu. Alipofika mwisho wa mstari akakata uzi kwa meno.

Mtaalamu aliinua kope moja.

"Samahani mama," alisema, "ungepunguza kidogo. Nasikiliza."

Nyuma ya ubao kulikuwa na mtu mmoja gizani, na hedifoni alikuwa ameziacha mezani, kwa hiyo alisikia yote. Mama Zipu alilijua hilo. Alimaliza mkanda kimya, akampa bwana begi lake. Mtaalamu akaaga kwa heshima, akitangaza kwamba hata asipoiona santuri, Jumamosi atawaomba watu wote wasimame dakika moja ya ukimya kwa ajili ya yule mwanamke. Inampasa, alisema. Hakuna aliyewahi kumsikiliza akiwa hai.

Mlango ulipofungwa, Masikio alitoka stoo. Mkewe hakuinua macho kwenye kazi yake.

"Sitakuaibisha mbele za watu," alimwambia. "Jumamosi nitakuja, nitakaa kwenye kiti changu, na mambo yako yatakwenda. Lakini ukisimama kuniombea rehema, uombe kweli, maana jioni yake nitakuwa kwa mama yangu. Siwezi kulala na mtu aliyenizika."

Masikio alifungua mdomo. Mama Zipu akamsubiri, kwa sababu alikuwa bado anampenda, na hilo ndilo lililomchosha zaidi. Mdomo ukafungwa, naye akarudi stoo. Ijumaa nzima mtu yule alizunguka nyumba kama anayetafuta funguo, na kila alipomkaribia mkewe, Radi alikuwa amefika na swali la spika.

Uzinduzi ulikuwa mchana, kwenye ukumbi wa viti vya plastiki, watu kama mia mbili na hamsini. Vijana waliovaa fulana zenye makaburi kumi na mawili walikaa mbele. Mama Zipu alipewa kiti safu ya tatu, kwa kuwa ni dada wa msanii, si kwa kuwa ni msanii. Wakati wa kuingiza vyombo, mfuko wa turubai wa ile mashine ya vitufe, alioushona yeye mwaka wa kwanza wa ndoa, ulikuwa umechanika shingo. Radi akamtupia mapajani akipita, akamwomba autazame. Hata siku ya mazishi yake alipewa kazi.

Walipiga nyimbo kumi na moja. Radi alichana vizuri, lazima isemwe, na dada yake alijikuta akitikisa mguu. Kisha Mtaalamu akapanda na glavu zake. Alizungumza kuhusu mwanamke asiye na jina, kuhusu huzuni, kuhusu pumzi ya ulimi. Kuna msichana safu ya pili alifuta machozi. Masikio alisimama nyuma ya mashine yake, mikono pembeni, uso umempauka. Mtaalamu akaomba watu wote wasimame kwa dakika moja ya ukimya.

Viti mia mbili na hamsini vikakwaruza sakafu. Kila mtu alisimama isipokuwa marehemu, kwa sababu alikuwa na mfuko mapajani na sindano katikati ya turubai.

Alikuwa ameahidi kutomwaibisha mumewe na alitaka kutimiza. Lakini turubai lilikuwa gumu, mshono ukakataa, na kinywa cha mtu kina mazoea yake. Akaanza kuimbia puani. Hakukusudia, au tuseme alikusudia nusu. Tusimsingizie utakatifu siku hiyo. Katika ukimya ule sauti yake ilitoka nzito, yenye kukwaruza, vilevile mwalimu wa kwaya alivyoikataa. Watu wakageuka. Msichana wa safu ya pili alimtazama kama mtu aliyepiga mluzi makaburini. Mtaalamu, pale jukwaani, aliweka kidole mdomoni mwake mwenyewe, kidole cheupe, akatikisa kichwa kwa masikitiko.

Radi alimjua mwimbaji bila kugeuka. Akamkonyeza shemeji yake kwa ukali na kuashiria mashine: piga mdundo, ufunike.

Masikio aliinua mkono. Mama Zipu aliuona mkono huo ukining'inia juu ya vitufe, naye hakuacha kuimba, na moyoni alikuwa amekwisha kunja nguo zake mbili tatu za kwenda kwa mama. Mkono ukashuka pembeni kabisa, kitufe cha mwisho.

Kilichotoka kwenye spika hakikuwa na mkwaruzo wa santuri wala usichana wowote. Ilikuwa sauti nzito ya mwanamke mzima anayefanya kazi, na ilikuwa ikiimba kile kilichokuwa kikiimbwa safu ya tatu. Rekodi ilikuwa mstari mmoja mbele. Mama Zipu akarukia mstari huo, zikaenda pamoja. Mstari ulipoisha spika zikasema *tk*. Mama Zipu, uzi wake umefika mwisho, akaukata kwa meno, na ukumbi mzima ukaisikia *tk* ya pili. Kidole cha Mtaalamu kilibaki pale pale mdomoni, ila sasa hakikuwa kinamnyamazisha mtu.

Hapo ndipo kisu cha Masikio kilipokuwa kikikata kila siku. Safari hii aliiacha rekodi iendelee. Ikasikika kiti kikivutwa, sanduku likianguka, mtu akishusha pumzi, kisha sauti ileile, ya kuzungumza sasa, ikiita kupitia ubao.

"Baba watoto. Njoo unishikie hili begi. Baba watoto, unanisikia?"

Ikafuata nafasi tupu, kwa sababu siku ile hakuna aliyejibu. Mtu mmoja nyuma alianza kucheka, akaacha. Masikio alimnyang'anya shemeji yake maiki.

"Nakusikia, mke wangu," alisema.

Alitaka kuongeza mengi, kuhusu kanuni na santuri na kukusudia. Akasema tu kwamba marehemu wa kumi na mbili amekaa safu ya tatu, anashona, kisha akaomba watu waketi. Watu wakaketi. Radi akaketi pia, palepale ukingoni mwa jukwaa, akiangalia viatu vyake kama alivyofanya akiwa na miaka sita na amevunja kitu.

Watu wote walikuwa wakimtazama Mama Zipu, na kwa mara ya kwanza tangu darasa la tano hakuona haja ya kuchezesha midomo tu. Akatia uzi mpya kwenye sindano, akauinua ule mfuko wa turubai ili aonekane vizuri.

"Basi njoo ushike," alisema.

Masikio akaweka maiki chini, akashuka jukwaani, akapita katikati ya viti mpaka safu ya tatu, akapiga magoti, akashika. Ilikuwa imemchukua miezi minane.